Mashine Inayohesabu Mikorosho: Namna ya Kuandika Hadithi ya Akili Mnemba Ukiwa Masasi au Newala

Ukitaka kuandika hadithi ya siku zijazo ambamo akili mnemba imeshika maisha ya watu, usihangaike na jiji la vioo lenye roboti wa chuma. Jiji hilo limekwisha kuandikwa na watu wanaolijua kuliko wewe, na msomaji wa Kitangari au Lulindi hataliogopa kwa sababu halimhusu. Nenda kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika mwezi wa Oktoba, siku korosho zinapopokelewa. Simama kwenye foleni. Tazama mizani, tazama karani na daftari lake, tazama mama aliyekalia gunia akisubiri jina lake liitwe, tazama simu zinavyotolewa mifukoni kila baada ya muda kuangalia kama ujumbe wa malipo umeingia. Karibu kila kitu utakachohitaji kiko pale. Kilichobaki ni wewe kusogeza mambo miaka kumi au ishirini mbele.

Nasema hivyo kwa sababu nusu ya mashine hiyo imekwisha kujengwa. Mkulima wa korosho anasajiliwa kwenye mfumo wa Bodi ya Korosho, na salfa ya ruzuku ya kupulizia mikorosho hugawiwa kwa kufuata orodha ya waliosajiliwa. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambapo mnunuzi huweka bei bila kuliona gunia wala aliyelileta. Laini ya simu unayopokelea malipo imefungwa kwenye alama za vidole vyako na kitambulisho cha taifa. Usajili huo ulianza Mei 2019, na waliochelewa wakaanza kuzimiwa laini baada ya 20 Januari 2020. Ukiomba mkopo kwa simu usiku wa manane, anayekukubalia au kukunyima ni programu inayosoma unavyotuma pesa na unavyonunua vocha. Kila kimoja kina faida yake ya kweli, na hakuna haja ya kumwambia mkulima arudi kwenye daftari lililoliwa na mchwa. Kazi yako wewe mwandishi ni kuuliza itakuwaje siku vyote vitakapofungwa pamoja na kuongozwa na akili moja isiyoulizika.

Ipe mashine kazi moja, tena kazi njema

Miswada mingi ya vijana huanguka hapa. Tangu ukurasa wa kwanza mashine inatawala jeshi, shule, ndoa na mvua, na msomaji hajui aogope nini kwanza. Chagua kazi moja tu, na iwe kazi ambayo watu wenyewe waliiomba. Kwa ukanda wetu napendekeza kazi ya kukisia mavuno: mashine inayotazama mashamba kutoka angani, ikahesabu mikorosho, ikasema shamba hili msimu huu litatoa kilo kadhaa. Sababu njema iko wazi, nayo ni kukomesha kangomba. Kila mtu wa Mtwara na Lindi anamjua mfanyabiashara wa kangomba, anayekuja miezi ya njaa akiwa na noti mkononi, akanunua korosho ambazo bado ni maua, au akazinunua kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, kisha akazipeleka ghalani kwa jina lake kana kwamba amezilima. Biashara hiyo ni haramu na imewafukarisha watu vibaya. Mashine inayoweza kusema "huyu ana mikorosho arobaini, hawezi kuleta tani sita" itapokewa kwa vigelegele, na wewe inakupasa uandike vigelegele hivyo kwa moyo wote, kwa sababu wanaopiga wana haki ya kupiga.

Jambo hili lina mzizi wa kweli. Novemba 2018, baada ya bei za minadani kukataliwa, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Kabla ya malipo, timu za uhakiki zilipita kuangalia kama mkulima ana shamba linalolingana na kilo alizopeleka. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri sana. Kaa na watu wa kijiji chako wakusimulie msimu ule: nani alikuja kuhakiki, aliuliza nini, alihesabuje, nani aliona aibu kusimamishwa mbele ya jirani. Andika maneno yao yalivyo, usiyapambe. Kisha jiulize itakuwaje uhakiki kama ule ukifanywa kila siku, kwa kila mtu, na kitu kisichoshuka kwenye gari wala kukanyaga shamba.

Tafuta kile isichokiona

Hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi, na usiuonee uchoyo. Picha ya angani itaona matawi. Haitaona kwamba mikorosho ile kumi na miwili ya mwisho wa shamba imewekwa rehani tangu mwaka juzi ili mtoto atibiwe hospitali ya Ndanda, kwa hiyo anayeokota korosho zake ni mtu mwingine. Haitaona shamba lililoandikwa jina la mume ilhali mikorosho ilipandwa na mama mzaa mke. Haitaona kwamba mwenye mihogo iliyopandwa katikati si mwenye mikorosho.

Kubwa kuliko yote ni ukoo. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo ulifuatwa upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba. Dini, sheria na karatasi za serikali zimeleta njia nyingine, na leo familia nyingi zinaishi na njia zote mbili, zikipatana kwenye mkeka pale panapotokea ugomvi. Fomu ya mashine ina nafasi moja tu ya mmiliki. Basi mtu anayelima mashamba matatu ya wajomba watatu, wawili kati yao marehemu, huku mashine ikimjua kama mwenye shamba moja dogo karibu na barabara, huyo ndiye mhusika wako mkuu. Hana kosa lolote. Ana korosho nyingi kuliko mashine inavyomruhusu kuwa nazo.

Jifunze pia mashine za namna hii hufanyaje kazi, angalau kwa kiasi cha kutomdanganya msomaji. Akili mnemba haiijui korosho. Inalishwa kumbukumbu za misimu iliyopita, yaani nani alileta ngapi, nani alituhumiwa, nani alilipwa, nayo inatafuta mambo yanayofanana. Akija mtu mpya inampa alama: uwezekano kwamba anadanganya. Alama peke yake haimzuii mtu. Yupo mtu ofisini aliyeamua kwamba wanaofika mstari fulani wa alama wazuiwe. Akiushusha mstari ule, wanakamatwa walaghai wengi zaidi na wasio na hatia wengi zaidi. Akiupandisha, wote wawili wanapita. Ukilijua hili hutaandika mashine yenye chuki. Utaandika kikao cha saa moja mjini, ambapo watu wenye nia njema wanachagua namba, wanakunywa chai, wanafunga makabrasha yao na kuondoka. Kwangu mimi kikao hicho kinatisha kuliko roboti yeyote, na ningependa kukisoma kikiandikwa na mtu wa huku.

Kumbukumbu zenyewe zina makovu. Ikiwa msimu mmoja watu wa kitongoji fulani walishukiwa kwa sababu tu wana ndugu wengi ng'ambo ya Ruvuma, mashine itairithi shaka ile na kuwapa watoto wao, na hakuna atakayekumbuka ilikotoka. Uholanzi waliyaona haya kwa macho yao. Mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari kwenye posho za malezi ya watoto, na maelfu ya wazazi, wengi wao wenye asili ya nje, wakaitwa walaghai na kudaiwa fedha wasizoweza kuzilipa. Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo. Wazazi walipouliza kosa lao lilikuwa nini, walishindwa kupata jibu. Beba jambo hilo moja ulilete Masasi.

Mpe karani moyo

Msomaji hatakutana na mashine. Atakutana na mtu anayeisemea. Umewahi kuona ngoma ya mapiko: mchezaji amefunika mwili mzima, kichwani amevaa lipiko, na asiyepita jandoni hatakiwi kujua aliyemo ndani ni nani. Mashine yako nayo ivaliwe na watu hivyo hivyo. Ndani yake wamo walioweka mstari, walioilisha kumbukumbu, waliolipwa kuitunza. Nje kinaonekana kinyago peke yake, na kijana wa kijijini amekaa kando yake na kishikwambi mkononi.

Kijana huyo usimfanye mbaya. Amesoma hadi kidato cha nne Masasi, anawajua wote walio kwenye foleni, na mshahara wake ndio unaomlipia mdogo wake ada. Mpe mazungumzo mafupi yenye heshima ya huku kwetu, kwa mfano hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jina langu limo?"

"Limo, bibi. Ila kilo zako zimesimamishwa."

"Zimesimamishwa na nani?"

"Inaandika hivyo tu."

"Imeandika sababu?"

"Haijaandika."

"Wewe unanijua?"

"Nakujua, bibi. Nimekulia kwenye miembe yako."

"Basi waandikie kwamba unanijua."

"Hakuna pa kuandika, bibi."

Ona kwamba hakuna aliyetukanwa wala aliyepandisha sauti. Kijana anasema kweli tupu: kwenye kioo chake kuna nafasi ya kilo, ya unyevu, ya daraja la korosho, na hakuna nafasi ya kumjua mtu. Ukiweza kuandika maongezi matano ya aina hii katika hadithi nzima, huhitaji mlipuko hata mmoja.

Ardhi hii imepimwa tangu zamani

Waandishi wengi wa hadithi za kesho hawaijui jana, na hilo hufanya kesho yao iwe nyepesi. Wewe una bahati, kwa kuwa kati ya vilima vya mawe vya Masasi na ukingo wa uwanda kule Newala wamepita watu wengi waliokuja na vipimo vyao.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha vizuri na misheni ya Masasi ikiwa imechomwa mwaka mmoja kabla, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Masasi akapanda hadi Newala. Alibeba fonografu na kamera ya sinema. Watu waliimba mbele ya pembe ya mashine, sauti zao zikachorwa kwenye silinda za nta, na silinda zikapelekwa Ujerumani. Fikiria maana yake kwa hadithi yako: zaidi ya miaka mia moja kabla ya simu kumsikiliza mtu, mashine ilikwisha kuja Newala kuchukua sauti.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, wakichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Kwenye karatasi ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Hesabu zilikuwa safi, ila hazikuujua udongo wala mvua, na mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza paundi milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa miaka ya 1960. Halafu ikaja miaka ya 1970, watu wakakusanywa vijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari, na wengi wakajikuta wanalala mbali na mikorosho yao. Nchi iliyovuna tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 ilishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, bei mbovu zilichangia, na umbali kati ya mtu na mti wake ulichangia vilevile.

Usiyaandike haya kama somo la historia. Chukua kitu kimoja tu, ukiweke mkononi mwa mhusika: tuta la reli ambalo watoto wanacheza juu yake bila kujua ni nini, au bibi anayekumbuka alivyokuwa akitembea alfajiri kwenda kwenye mikorosho ya kwao baada ya kuhamishwa. Bibi huyo ana jambo la kumwambia mjukuu. Mpango wa zamani ulikuwa na ofisa, na ofisa alikuwa na kiti, na mtu aliweza kwenda kusimama mbele ya kile kiti. Mjukuu hana pa kwenda kusimama.

Lugha ya mashine na milango iliyofungwa

Amua mapema mashine yako inasikia lugha gani. Kiswahili itakisikia vizuri. Chimakonde, Kimakua na Chiyao zina maandishi machache, na mashine hujifunza kwa maandishi na sauti nyingi, kwa hiyo itababaika. Usiliache jambo hili lipite. Wazee wa kijiji chako cha kubuni wanaweza kugundua kwamba wakiongea lugha ya nyumbani simu haiwaelewi, na polepole mambo yote ya maana yakahamia huko: bei, ugomvi, mapenzi, mipango ya usiku. Halafu siku moja anakuja kijana mpole mwenye kipaza sauti, analipa kwa dakika, anawaomba mabibi wasimulie chochote kwa Chimakonde ili mashine ijifunze.

Andika siku hiyo kwa huruma. Mwaka 2023 jijini Nairobi maelfu walipanga foleni kwenye jumba la KICC wapigwe picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, wapewe sarafu za kidijitali. Mwezi Agosti serikali ya Kenya ikasimamisha shughuli hiyo. Walioenda hawakuwa wajinga. Maisha yalikuwa magumu na jicho lilikuwa halijawahi kumlipa mtu. Bibi wa Newala atakayeuza sauti yake apate fedha ya dawa ana sababu ile ile, na msomaji akimhukumu, basi umeandika vibaya.

Kuhusu jando na unyago nina neno moja. Usifungue siri za mle ndani ili kuipa hadithi rangi. Si zako kuzigawa, na hadithi yako haizihitaji. Acha mashine ifike kwenye uzio wa kumbi, isimame, ishindwe, na wewe mwandishi usimame nje pamoja nayo. Mashine isiyojua kinachoendelea nyuma ya uzio itaanza kukisia, na makisio hayo, pamoja na hatua itakazochukua kwa kuyaamini, ni sura nzima ya riwaya.

Mambo ya kurekebisha upesi

Umeme ukikatika mashine yako inafanyaje? Msomaji atauliza, kwa sababu yeye hukatikiwa. Ipe sola na betri, au sema maamuzi yanafanyika mbali, na huku yanafika majibu tu. Mtandao usipopatikana, je, asiyesikika anahesabiwa amekubali au amekataa? Chagua, kisha usibadilishe hadi mwisho.

Kama korosho zimekuchosha, chukua maji. Juu ya uwanda wa Newala, mchanga unayanywa maji yote, mito hakuna, na watu wameteremka mabondeni na ndoo kwa vizazi. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kuyasukuma maji kutoka chini kwenda juu. Mashine inayogawa maji kwa kila kaya kulingana na tabia zao inatosha kubeba kitabu.

Majina ya wahusika yawe ya huku. Magari yawe yanayopita huku. Mabibo yanuke yanapooza chini ya miti, watu wanywe uraka wa mabibo hayo wakati wake, na upepo wa jioni wa pale Shimo la Mungu, Newala, uwepo bila kuelezwa kwamba ni mzuri.

Usiifute sheria kimyakimya

Kosa lingine ninaloliona ni kuandika nchi ya kesho kana kwamba haijawahi kuwa na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kutaka zisahihishwe, na kutaka uamuzi mzito unaomgusa usiachiwe mashine peke yake. Soma sheria hiyo yenyewe. Kisha mwambie msomaji imekuwaje katika ulimwengu wako. Labda ipo, lakini ili upokee salfa unabonyeza "nakubali" chini ya maandishi marefu usiyoweza kuyasoma juani. Labda ofisi ya malalamiko iko mbali kiasi kwamba nauli inazidi korosho zinazodaiwa. Hofu ya namna hii ina nguvu kwa sababu haihitaji dikteta. Inahitaji uchovu tu.

Mikopo ya simu nayo itakufundisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Watu walilalamika kwamba programu kama hizo zikishaingia kwenye simu huchota namba za ndugu na marafiki, na mdaiwa akichelewa, aibu yake inatumwa kwa wote. Weka hilo katika nchi ya wajomba. Mashine inayojua namba ya mjomba wako ina fimbo ambayo polisi hana.

Mwisho wa hadithi

Sasa la mwisho, ambalo vijana hulikosea zaidi. Shujaa anaingia kwenye chumba cha kompyuta Dar es Salaam, anachomoa waya, kijiji kinashangilia. Msomaji anafunga kitabu akiwa hana alichoondoka nacho. Yule mtaalamu kijana anayeshuka na gari la kampuni kuwaokoa wanakijiji mwache huko huko.

Fuata korosho. Bibi aliyesimamishiwa kilo zake ana magunia manane ambayo ghala limeyakataa na mashine haisemi kwa nini. Mvua za Desemba ziko karibu, korosho ikilowa inashuka daraja. Atafanya nini? Usiku utabisha mlango mtu aliye na noti mkononi na kipimo cha chombo. Kangomba, ambayo mashine ililetwa kuifuta, sasa inaishi kwa wale mashine iliowakataa, na bei anayotoa mnunuzi huyo ni ya chini kuliko zamani kwa sababu anajua hawana pa kupeleka. Naye mwenye kangomba ana alama safi kwenye mfumo, maana amejifunza inapenda nini. Yule karani kijana anaijua njia ya usiku inayopitishwa magunia yale, kwani ni mdogo wake anayeyabeba. Mkishafika hapo, wewe na msomaji wako, muulize karani afanye nini, na chochote atakachofanya kimgharimu kitu anachokipenda. Akinyamaza, bibi anaibiwa. Akisema, mashine itamwongeza mdogo wake kwenye orodha. Hapo una hadithi, na huhitaji kuniuliza mimi iishe vipi.

Kabla ya kutuma

Soma kwanza. *Mzingile* ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1991 itakuonyesha Kiswahili kikiubeba ulimwengu uliobomoka, na *Walenisi* ya Katama Mkangi ya 1995 itakuonyesha safari ya kwenda ulimwengu mwingine ikitumika kuuliza maswali ya huku. *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, inafundisha namna utawala unavyobadilisha kanuni kidogo kidogo mchana kweupe. Ukipata tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920 iliyoupa ulimwengu neno roboti, tazama jinsi roboti wa kwanza wenye jina hilo walivyokuwa, tangu siku hiyo, habari za kazi na ujira.

Kisha tafuta wasikilizaji watatu: mtu aliyewahi kushika kalamu kwenye mizani ya chama cha msingi, mwanamke mwenye mikorosho yake mwenyewe, na kijana anayerekebisha simu stendi ya Masasi. Wasomee kwa sauti, wala usijitetee. Wakikukatiza kusema "hapa sivyo, sisi huwa tunafanya hivi", andika wanachosema pembeni ya ukurasa, na usiku huo huo urudie sehemu hiyo. Fundi wa simu atakuambia kama kishikwambi chako kinaweza kufanya ulichokiandika. Mwenye kalamu atakuambia karani gani angethubutu na yupi asingethubutu.

Riwaya ikikamilika, ziko tuzo mbili zinazopokea miswada ya Kiswahili ambazo inafaa uzifuatilie: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika, hesabu maneno yako, ondoa jina lako kwenye kurasa wanazotaka lisiwepo, na weka nakala moja ya karatasi nyumbani.